Kilomita Tatu Kutoka Mombasa Hadi Nairobi

Reli ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi ina urefu wa takriban kilomita 480. Chukua kipimo cha 1:160, ambacho kwacho behewa la abiria hulala kiganjani, uipunguze njia hiyo bila kuipunja hata mita moja: bado utahitaji meza ya kilomita tatu. Ukiitaka TAZARA, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, andaa zaidi ya kilomita 11. Basi mtu asemaye kwamba angependa kuwa na reli ya mfano nyumbani ila chumba chake ni kidogo, analalamikia jambo linalowakuta wote. Hata mwenye jumba lenye ghorofa nzima chini ya ardhi hana nafasi. Kamzidi tu kidogo jirani yake wa chumba kimoja.

Ugumu huu unatokana na umbo la reli yenyewe. Ukipunguza nyumba, jahazi au ndege mara mia, unapata kitu kinachokaa rafuni kikiwa kizima. Reli haikubali hivyo, kwa kuwa urefu wake hauna uwiano wowote na upana wake. Kwa sababu hiyo historia ya uraibu huu ni, kwa sehemu kubwa, historia ya watu kuamua watupe nini, na hapo ndipo nchi zinapoachana njia. Ukiwaweka Waingereza, Wamarekani, Wajerumani na Wajapani bega kwa bega utaona kwamba kila mmoja, alipobanwa na kuta, alitoa kitu ambacho mwenzake asingekubali kukitoa kwa lolote.

Waingereza walitoa safari. Mwaka 1957 Cyril Freezer, mhariri wa jarida la Railway Modeller, alichapisha mchoro alioupa jina la Minories, mtaa mmoja wa London. Ni stesheni ya mwisho ya treni za abiria wa mjini, imebanwa kwenye ubao mwembamba. Treni huingia, injini ikakwama mbele kwa sababu reli imekwisha, injini nyingine ikaja kufungwa nyuma, treni ikatoka. Ni hayo tu. Lakini mzunguko huo ukirudiwa kwa ratiba ya asubuhi ya watu wanaowahi kazini, kila treni ikidai nafasi ya mwenzake, unamshughulisha mtu jioni nzima. Treni ikishatoka hupita chini ya daraja, na nyuma ya daraja hakuna nchi: kuna rafu tupu yenye reli kadhaa sambamba, ambako mwenye reli huzipanga treni zake zikisubiri zamu. Mtazamaji haioni rafu ile, kama vile asivyowaona waigizaji wakibadili mavazi nyuma ya pazia. London, Birmingham, pwani, vyote vimo mle.

Kasisi Peter Denny, aliyeanza kujenga Buckingham yake miaka ya 1940, alilichukulia jambo hili kwa uzito kiasi kwamba alitengeneza mashine ya kushika nafasi ya mtu wa pili katika kuendesha reli yake, akaipa jina la mwanawe, Crispin. Kwake mpangilio wa kengele na ishara ulikuwa sehemu ya reli sawa na magurudumu. Mandhari ilikuwa ndogo, kazi ilikuwa ya kweli.

Alan Wright alikwenda mbali zaidi. Inglenook Sidings yake haina stesheni, haina abiria, na treni haiendi popote. Kuna reli tatu zilizofungwa mwishoni: moja inabeba mabehewa matano, mbili zinabeba matatu matatu. Upande wa kuingilia pana nafasi ya injini na mabehewa matatu tu. Mabehewa yote ni 8. Kwa kura unapewa orodha ya matano pamoja na mfuatano wake, kisha unasogeza, unakata, unaunga, unarudi nyuma, mpaka treni iliyoagizwa ikamilike. Mifuatano inayowezekana ni 6,720. Mahitaji ni injini moja, sehemu mbili za kugawanya njia, na ubao usiofika mita moja na nusu. Sijui mchezo mwingine wa reli unaotoa mengi hivyo kwa kuomba machache hivyo, na kama mtu angeniuliza aanzie wapi katika chumba cha kupanga, ningemtuma huku kabla ya kwingine kokote.

Hata hivyo Inglenook inaukaa vizuri ubao wake kwa sababu imezaliwa Uingereza. Behewa la mizigo la Uingereza la zama za makaa ya mawe, lenye magurudumu manne, lina kama sentimita 8 kwa kipimo cha 1:76. Behewa la Marekani la futi 40 linapita sentimita 14 hata kwa kipimo kidogo zaidi cha 1:87. Fumbo lile lile likihamia ng'ambo ya Atlantiki linaota miguu.

Mmarekani naye hakuwa tayari kuiachia safari. Kwake reli ni umbali: treni ndefu ya mizigo inayovuka jimbo, mji huu ikiuacha, mji ule ikiukaribia, na muda ukipita katikati. Ndiyo maana ghorofa ya chini ya ardhi, ambayo nyumba nyingi za huko zinayo, imekuwa karibu sharti la uraibu huu katika fikra zao. John Allen wa Monterey, California, aliijaza yake milima iliyopanda kutoka sakafuni kuelekea dari, na reli yake, Gorre & Daphetid, ikawa maarufu kuliko zote za wakati wake. (Miongoni mwa injini zake za kusogezea mabehewa palikuwa na dinosauri aliyeitwa Emma; Allen hakuwa mtu wa kujinyima mzaha.) Alifariki Januari 1973, na siku chache baadaye moto ukaiteketeza reli hiyo. Kinachosahaulika ni kwamba ilianza kama meza ndogo, na meza hiyo ikaja kumezwa ndani ya mandhari kubwa.

Asiye na ghorofa ya chini huko hushauriwa kuanza na karatasi moja ya plaiwudi ya futi 4 kwa 8, ile ile inayouzwa katika maduka yetu ya vifaa vya ujenzi. Treni huzunguka juu yake, na kwa kuzunguka safari inapatikana, angalau kwa kuhesabu mizunguko. Ushauri huu una kasoro ambayo Wamarekani wenyewe wameieleza sana. Mkono wa mtu haufiki katikati ya meza ya upana ule ukiegemea ukuta, hivyo lazima uache njia ya kupita pembeni. Ukiacha sentimita 60 kila upande, meza ya mita 1.2 kwa 2.4 inakula eneo la mita 2.4 kwa 3.6, yaani chumba. Rafu nyembamba inayofuata kuta za chumba hicho hicho ingekupa reli ndefu zaidi na katikati pangebaki kitanda.

Allen huyo huyo wa milima mikubwa ndiye aliyebuni pia fumbo dogo la mabehewa, Timesaver, alilolichapisha mwaka 1972. Ukiliweka kando ya Inglenook utaona tabia mbili. La Allen lina sehemu tano za kugawanya njia na linachezwa kwa saa, mtu akishindana na mwenzake. La Wright halina saa. Muingereza anakaa na mabehewa yake jioni nzima, chai ikipoa, na hakuna anayemhesabia dakika. Sidhani kama mmoja anaielewa kazi ya reli kuliko mwingine. Katika stesheni halisi ya mizigo haraka ipo na utaratibu upo, na kila mmoja amechagua kuigiza nusu yake.

Wajerumani walishughulika na ukubwa. Hapa ndipo penye kiwanda cha Märklin, ambacho mwaka 1891 kilionyesha katika maonyesho ya Leipzig treni za kuchezea zenye vipimo maalumu vya upana wa reli, ili mteja aweze kuongeza kipande juu ya kipande mwaka hadi mwaka. Tangu hapo kipimo kimekuwa kikiteremka. Mwaka 1935 ilikuja treni ya mezani yenye reli ya milimita 16.5, iliyokuja kuitwa HO, nusu ya kipimo kikubwa zaidi cha O. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Arnold ya Nürnberg ilileta N, reli ya milimita 9 na kipimo cha 1:160. Mwaka 1972 Märklin ikajibu kwa Z, milimita 6.5 na 1:220, na watu wakaanza kujenga mandhari nzima ndani ya mkoba wa kubebea hati. Kila kizazi kilidhani kimefika mwisho wa udogo.

Ila udogo peke yake haukuwatosheleza, kwa sababu Mjerumani anapenda kuiona treni ikipita. Muingereza huificha treni mwishoni mwa ubao. Mjerumani huificha chini yake. Reli huteremka ndani ya mlima, ikajizungusha kama parafujo, ikafika stesheni ya gizani chini ya ubao, na treni nyingine ikapanda badala yake. Mlima ule wenye misonobari na kanisa kileleni unaonekana kuwa pambo, kumbe una kazi: unazuia jicho lisigundue kwamba treni iliyoingia kwenye handaki si ile iliyotoka. Mazoea ya kutandika reli sakafuni sebuleni wakati wa Krismasi, kisha kuikunja sikukuu zikipita, nayo yamekuwapo huko vizazi kadhaa.

Kipimo cha TT, 1:120, kina kisa chake. Kilibuniwa Marekani miaka ya 1940 kwa ajili ya meza za nyumbani, kikafifia huko. Ujerumani Mashariki, ambako familia nyingi ziliishi katika vyumba vidogo vya maghorofa, kampuni ya Zeuke ya Berlin ilianza kukitengeneza mwishoni mwa miaka ya 1950, na kikashika mizizi mpaka nchi jirani za kambi ile ya kisiasa. Dola ile iliondoka mwaka 1990. TT ipo hadi leo, na kiwanda chake kikuu kiko Sebnitz, karibu na mpaka wa Cheki.

Japani imenivutia kuliko zote, kwa kuwa walichokitupa Wajapani ni kile ambacho wengine watatu hawakufikiria hata kukigusa, yaani kudumu kwa reli yenyewe. Kampuni iliyokuja kujulikana kama Kato ilitoa treni yake ya kwanza ya N mwaka 1965, na chapa ya Tomix ikafuata mwaka 1976. Reli zao zina kokoto za plastiki zilizoungana na mataruma, vipande vinashikana kwa kubana tu, vinatandikwa juu ya mkeka wa tatami baada ya chakula cha jioni na kuondolewa kabla ya kulala. Mabehewa hulala katika makasha yenye umbo la kitabu, yanapangwa rafuni yakionyesha mgongo. Mtu anaweza kuwa na treni 50 nyumbani na asiwe na hata mita moja ya reli iliyopigiliwa.

Anaendesha wapi basi, anapotaka njia ndefu yenye madaraja na miji? Anakwenda kukodi. Katika miji ya Japani pana maduka, mikahawa na hata baa zenye mandhari kubwa ya reli, na mteja hulipa kwa saa, akafungua kasha lake, akapanga treni yake kwenye njia aliyopewa. Muingereza angeona ajabu kuendesha treni katika nchi iliyojengwa na mtu mwingine. Kwake kujenga ndiko kunakofanya reli iwe yake. Mjapani angeweza kujibu kwamba abiria wa kweli pia hajengi reli anayopanda, na wala shirika la reli halijengi milima.

Sababu nyingine ya kukodi ni hesabu. Shinkansen ya mabehewa 16 ina urefu wa takriban mita 400, na kwa 1:160 ni mita 2.5 za treni peke yake. Muingereza angekata mabehewa 12 bila kuona haya, akasema manne yanatosha kutoa picha. Mjapani mpenzi wa treni hakati. Idadi kamili na mpangilio wa mabehewa, lipi lina injini, lipi la daraja la juu, ndiyo treni yenyewe kwake. Wako pia waliokwenda upande wa pili kabisa: Bandai iliuza mabehewa yaliyofupishwa yakawa na umbo la kitoto, ili treni yenye mabehewa yote ienee mezani kwa kukatwa urefu wa kila behewa. Mwaka 2006 palionyeshwa Tokyo treni za kipimo cha 1:450, reli yake milimita 3. Hapo kilomita nzima ni mita 2.2.

Kuna jambo moja linaloziunganisha Uingereza na Japani kinyume cha matarajio: nchi zote mbili zinaendesha treni kwenye reli isiyo sahihi. Injini za Uingereza ni nyembamba kuliko za Ulaya bara, na mota za miaka ya 1930 hazikuingia katika miili ya 1:87. Waingereza wakaukuza mwili hadi 1:76, wakaiacha reli ilivyokuwa. Matokeo ni kwamba treni zao zinakimbia juu ya reli inayowakilisha milimita 1,257 badala ya 1,435. Japani ilikosea kuelekea upande wa pili. Reli zake za kawaida zina milimita 1,067, lakini zikipunguzwa kwa 1:150 zinawekwa kwenye reli ya milimita 9 ya N, ambayo ni pana mno. Ingepaswa kuwa milimita 7 na kitu. Kwa Shinkansen, ambayo reli yake halisi ni milimita 1,435, wanahamia 1:160, na hapo hesabu inakubali. Katika nchi zote mbili wako wachache wanaokataa maafikiano haya na kujitengenezea reli ya upana wa haki, kwa mkono, taruma kwa taruma. Nawaheshimu. Pia naona kwamba mtu mwenye mita moja ya ukuta ana mambo ya kumkosesha usingizi kabla ya kufika hapo.

Njia ya kugawana nafasi na wenzako imezuka katika nchi zaidi ya moja. Mwaka 1973 ilianza NTRAK huko California: kila mwanachama hujenga kipande cha futi 2 kwa 4 kwa vipimo vilivyokubaliwa, anakiweka nyuma ya mlango nyumbani, na siku ya maonyesho vipande vya wote vinaunganishwa. FREMO, iliyoanzishwa Ulaya mwaka 1981, inafanya vivyo hivyo lakini kwa nidhamu ya Kijerumani ya ratiba na hati za mizigo, ndani ya kumbi za michezo. Baadaye Mmarekani Lee Monaco-FitzGerald, akiwa amevutiwa na vipande vidogo vya mezani alivyoviona kwa Wajapani, aliasisi T-TRAK: kipande kimoja kina urefu wa takriban sentimita 31 na kinakaa juu ya meza yoyote. Hapa mila zilichanganyika. Kipande ni cha mtu mmoja na ni cha kudumu, kama Uingereza. Reli ni ya kubana na kubandua, kama Japani. Safari ndefu inarudi, kama Marekani, ila inadumu siku mbili tu na haimilikiwi na yeyote.

Na sisi? Mtu wa Afrika Mashariki anayetaka kujenga reli ya kwao anakuta kwamba geji, yaani upana wa reli, ya mita ya reli ya zamani ya Uganda, na ya Reli ya Kati ya Tanzania, ni sawa na ya reli za milimani huko Uswisi. Kwa 1:87 inakuwa milimita 12, na reli za upana huo zinauzwa, zimetengenezwa kwa ajili ya Alpi. Reli ya kisasa ya milimita 1,435 ni rahisi zaidi, kwani ni HO ya kawaida. Kigumu ni injini na mabehewa. Hayo itabidi ajenge mwenyewe juu ya mitambo ya Kizungu au ya Kijapani.

Mahali ambapo mimi ningepachagua ni Kidatu. Pale reli ya mita kutoka Kilosa inakutana na TAZARA yenye milimita 1,067, na mizigo huhamishwa kutoka behewa la geji moja hadi la geji nyingine. Ni mahali padogo, pa kupanga na kupangua mabehewa, pa kukaa vizuri juu ya ubao wa Wright. Lakini fanya hesabu. Tofauti ya geji hizo mbili ni milimita 67. Kwa 1:87 haifiki hata milimita moja, na reli zote mbili zinaangukia kwenye milimita 12 ile ile. Kwa 1:160 zote mbili zinaangukia kwenye reli ya Z. Sababu nzima ya Kidatu kuwapo inafutika mezani, na injini ya TAZARA ingeweza kupitiliza hadi Kilosa bila mtu kushtuka.

Suluhisho la Kijerumani lingekuwa kukuza: treni za bustanini za 1:22.5, ambazo reli yake ya milimita 45 kwa hakika inawakilisha geji ya mita, zingeifanya tofauti ile iwe milimita 3, inayoonekana. Ila mabehewa matano hapo yanapita mita mbili, na tumerudi kwenye kuta. Ningebaki kwenye 1:87, niziache reli zilingane kama Waingereza na Wajapani walivyoziacha zao zipotoke, na nafasi yote iliyobaki niitumie katikati, kwenye jukwaa: kreni, magunia, watu wanaobeba, behewa tupu upande huu likisubiri behewa lililojaa upande ule. Reli mbili zitafika hapo kutoka pande mbili na kukomea kwenye jukwaa hilo, pasipo kipande kinachoziunga.